Ndama wa Saa Kumi na Moja

Siku ya Jumanne, mwezi wa Oktoba, Odile Massart aliloweka oti katika maji ya baridi, akaziacha mpaka alipokwisha kumenya karoti, kisha akazisaga na kutafuta chombo cha kuchujia maziwa yake ya oti. Bakuli lake kubwa la udongo lilikuwa limepata ufa. Kwa hiyo aliingia chumba cha nyuma, akaangua ndoo ya chuma iliyokuwa imening'inia msumarini, akaisugua kwa maji ya moto na sabuni, akatandaza kitambaa juu yake na kuanza kuzikamua oti. Alipokwisha, aliyakoroga yale maziwa ya nafaka kwa kipekecho cha waya, akakigonga ukingoni mwa ndoo ili matone yadondoke. Alipoinua macho, saa kumi na moja jioni, ndama alikuwa amesimama kibarazani, pua yake imegusa wavu wa mlango.

Odile alikuwa mjane mwenye umri wa miaka sitini na tisa. Aliishi katika nyumba ya matofali mekundu, kwenye ile rasi ya Wisconsin, Marekani, ambako Wabelgiji walijenga makanisa yao kandokando ya mashamba ya ng'ombe. Mwanawe Travis aliendesha shamba la familia, ng'ambo ya konde moja tu la mahindi. Odile alidhani ndama ametoroka katika banda la Travis, akatoka na kamba. Lakini sikioni ndama alivaa hereni ya bati, ya aina iliyokwisha kuachwa zamani, na katika paji la uso alikuwa na baka jeupe lenye umbo la kiatu. Odile alimkumbuka. Huyu alimwita Peremende, naye alipakiwa lorini mwaka ule Travis alipopokea Komunyo ya kwanza. Aliiweka kamba chini, akamfungulia mlango, kwa kuwa baridi ilikuwa imeanza.

Ndama alikunywa maziwa ya oti mpaka ndoo ikabaki na povu, kisha akalala karibu na jiko. Odile alimalizia mchuzi wake wa dengu, akala, akaosha vyombo huku akimzunguka.

Ilikuwa yapata mwaka mmoja tangu aache kula chochote kitokacho kwa mnyama. Alianza kwa sababu ya moyo, maana moyo ndio uliomuua mumewe Orville, na daktari alikuwa amemwonya. Aliazima vitabu vya mapishi maktabani, akajifunza kusaga korosho badala ya krimu, kukaanga uyoga mpaka utoe mchuzi mweusi, na kupika maharage meupe kwa majani ya seji na kitunguu. Moyo ulipopata nafuu, daktari alimruhusu kurudia siagi kidogo. Odile alijaribu. Alitia maziwa katika kahawa, akaitazama kahawa ikigeuka rangi, akaimwaga. Hakujua kwa nini. Watu walipomuuliza, alisema ni moyo, na hapo hakusema uongo wala hakusema kweli.

Kesho yake, saa kumi na moja jioni, walikuja wengine. Kufikia mwisho wa wiki walijaa kibaraza, sebule na ngazi za kwenda juu, nao wote walikuwa ndama madume. Walikuwa na adabu. Hawakuvunja kitu. Miili yao haikuwa na joto, lakini kwato zao ziliacha alama katika sakafu ya jikoni, naye alipiga deki kila asubuhi. Muuza chakula cha mifugo alimletea oti kwa magunia, akauliza kama amenunua farasi. Alijibu kwamba ni ndama waliokufa. Muuzaji akashauri achukue zile zilizopondwa, kwa kuwa hulainika upesi. Padri wa parokia alipopita kubariki nyumba, alisema Kanisa halina ibada iliyowekwa kwa ajili ya ndama, akawanyunyizia maji ya baraka kwa jumla, akaomba sahani ya pili ya maharage.

Odile mwenyewe hakushangaa kwamba walikuja. Kilichomchanganya ni walichokitaka. Kwa miaka mingi, katika shamba lile, kazi ya ndama ilikuwa kazi yake. Orville alikamua, yeye alichukua ndama punde tu mama yake alipokwisha kumlamba, akamhamishia chumba kingine na kumnywesha kwa chupa. Majike aliwakuza. Madume aliwanywesha siku chache mpaka lori la machinjioni lije. Kwa hiyo aliona ni haki waje kumdai maelezo, akayaandaa. Kila jioni alikaa kitini mbele yao, mikono magotini, akingoja washtaki. Nao walikunywa, wakapiga chafya, wakalala.

Jumapili, wifi yake Bernice alikuja kula chakula cha mchana kama ilivyokuwa desturi. Bernice alikuwa dada mkubwa wa marehemu Orville, naye hakupata kumaliza sahani bila kuitolea hukumu. Alivua kofia, akamsogeza ndama mmoja aliyetaka kuila, akaketi. Akataja habari za sikukuu ya parokia, ambako Odile alipika buya, ule mchuzi mzito wa parokia unaochemka katika pipa uani mwa kanisa tangu alfajiri, bila kutia kuku.

"Buya bila kuku, wifi, ni maji yaliyooshewa karoti," alisema. "Watu walikusifu kwa sababu wamelelewa vizuri."

"Walirudia."

"Walirudia mkate." Alionja maharage, akatia chumvi, akaonja tena na kuendelea kula. "Na nyumba hii ilikuwa ikinukia siagi. Sasa nikiingia nadhani nimefika horini. Hawa wataondoka lini?"

Odile alisema hajui. Akaeleza kwamba pengine wamekuja kumhukumu, au kumshukuru kwa kuacha nyama, au wanataka aende mahali akaseme neno kwa niaba yao, lakini kwamba kila akipata maana moja, jioni inayofuata wanaivuruga.

Bernice aliweka uma chini. "Unachujia wapi hayo maziwa yako?"

Odile akamwonyesha ndoo.

"Na kipekecho unakigonga?"

"Nakigonga, ndiyo. Kinadondosha."

"Basi, hukumu gani tena, wifi? Umechukua ndoo uliyokuwa ukiwakorogea ndama maziwa, umekoroga, umegonga, saa kumi na moja, saa yao ile ile. Umewaita waje kunywa, wamekuja. Mimi ukinigongea sahani nakuja pia, na sina kesi na wewe."

Siku iliyofuata Odile alinunua bakuli jipya, akachuja asubuhi, hakugonga kitu. Saa kumi na moja walikuwa mlangoni. Njia walikuwa wamekwisha kuijua.

Akakata shauri kuwarudisha kwa mama zao. Alivaa koti la Orville, akawaongoza katika konde la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, nao wakamfuata kwa mstari mrefu. Mama waliowazaa walikuwa wamekufa zamani, lakini ng'ombe walio hai wa Travis walisikia hatua, wakaja kwenye seng'enge. Walinusa. Kisha wakaanza kulia, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ile ya chini ambayo Odile alikuwa ameizoea mpaka akaacha kuisikia. Wakapenyeza vichwa kati ya nyaya. Ndama waliwatazama kwa woga. Wakarudi nyuma, wakajificha nyuma ya koti, wakaanza kunyonya pindo lake, mifuko yake na vidole vyake.

Hapo alifahamu walichokitaka, na moyo haukutulia. Maelezo aliyoyaandaa yalikuwa ya mashtaka. Tangu siku ya kwanza ya maisha yao, harufu waliyoijua ilikuwa yake, na mkono uliowatenga ndio uliowashikia chupa. Walikuwa wamerudi nyumbani kwa mama yao. Akawageuza, akarudi nao.

Jumatatu iliyofuata, adhuhuri, Travis alikuja. Alikung'uta matope mlangoni, akapita katikati ya ndama bila kuwatazama, akakaa. Hakuwa ameketi jikoni pale tangu mama yake alipoacha maziwa, maana alilichukua jambo lile kuwa tusi. Aliwahi kumwambia kwamba kukataa maziwa ya shamba ni kukataa jasho la mtoto wako, naye Odile akaapa mbele yake kwamba hataingia tena chumba cha ndama.

"Kuna mmoja amezaliwa jana, Mama. Hataki kunyonya. Nimejaribu mimi, nimejaribu na mke wangu, tumemtia mpira kooni akautapika. Hatafika kesho."

"Ni dume?"

"Dume."

"Mrudishe kwa mama yake."

Travis alisugua uso. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. "Nikimrudisha leo, halafu lori lije Alhamisi, nani atasikiliza kelele zake? Wewe ndiye uliyenifundisha. Tenga mapema, kabla hawajajuana. Nilikuwa na miaka sita, ukanishika mkono, ukasema huko ndiko kuwahurumia."

Odile alikumbuka. Alikuwa ameliamini neno lile.

"Sikuombi unywe maziwa," Travis alisema, kwa sauti ya chini. "Kula majani yako, sina neno. Lakini mikono yako inajua, na yangu haijui. Atakufa na njaa, Mama. Hilo ndilo unalotaka?"

Odile alitazama chungu cha dengu kilichokuwa kikitokota. Akimnywesha, atamtunza kwa ajili ya lori. Asipomnywesha, atamwua yeye mwenyewe, kwa njaa, ili kiapo kibaki safi. Aliligeuza jambo hili kila upande, halikuwa na upande wa kushikia. Ndama waliokufa walimtazama kama walivyomtazama siku zote, wakingoja chakula. Akazima jiko, akavaa koti la Orville.

Chumba cha ndama hakikuwa kimebadilika. Yule mdogo alilala juu ya majani makavu, ulimi nje. Nyuma ya ukuta wa mbao mama yake alikuwa akimwita. Odile alipiga magoti, akachovya vidole viwili katika dang'a, yale maziwa ya kwanza ya yule mama, akavitia kinywani mwa ndama na kungoja. Baada ya muda vidole vilivutwa. Akaiingiza chuchu ya mpira kati ya vidole, kisha akavitoa taratibu, na ndama akanyonya huku akipiga mkia.

"Nilijua," alisema Travis mlangoni, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Asante, Mama."

Nyuma ya ukuta ng'ombe aliita, ndama akageuza sikio. Odile aliinamisha chupa zaidi, akaanza kuimba kwa pua ule wimbo aliokuwa akiwaimbia ndama zamani, na sikio likarudi kwake.

Alikwenda asubuhi na jioni mpaka Alhamisi. Kiapo hakikutajwa tena, na Travis alianza kupitia jikoni kwa bakuli la maharage, akisema yanahitaji siagi. Lori likaja, likaondoka. Yule ng'ombe aliita siku ile na siku mbili zilizofuata, kisha akanyamaza.

Ijumaa Odile alichuja maziwa mengi kuliko kawaida. Bakuli jipya halikutosha, akaichukua ile ndoo. Saa kumi na moja alifungua mlango. Mbele ya wote, akiwasukuma wakubwa kwa bega, alikuwa yule mdogo, hereni mpya ya manjano ikimeremeta sikioni. Alikuwa hajajifunza kungoja zamu. Odile alikaa kitini, akamnyooshea vidole viwili, naye akavipokea bila kubembelezwa.