Mashemeji wa Njoro

Aikande alikuwa mtu asiyekaa. Ukimpa kiti atakikalia kwa ncha, ukimpa chai atazunguka nayo chumbani mpaka ipoe. Kwenye kibanda chake cha ushonaji pale Njoro, wateja walishazoea kumkuta amesimama mlangoni, futi shingoni, macho barabarani, kazi ya watu imelala kwenye cherehani. Ukimuuliza anamtazama nani, atakujibu simtazami mtu. Na ni kweli, hakuwa na wa kumtazama.

Mahali pamoja tu ndipo alipotulia, na penyewe ni pa ajabu kidogo, kwa hiyo nisikilizeni vizuri kabla hamjaanza kuguna. Alitulia ndani ya suti ya kiume.

Ilikuwa miaka ya tisini na kitu, kicheni pati zimeingia Moshi kwa fujo. Binti haolewi mpaka kina mama wajifungie naye ndani wamfunde, mapazia yameshushwa, wanaume wamefukuzwa wote mpaka mpiga picha. Sasa, utamfundaje mtu habari za bwana bila bwana? Ikabidi awepo wa kuigiza. Siku moja shangazi wa bibi harusi akamtupia Aikande koti: "Wewe mrefu, vaa hili." Akavaa. Akakifunga kifua kwa khanga, akachukua masizi ya sufuria akayachanganya na mafuta, akajichora masharubu, akaingia akikohoa kama mtu aliyetoka kwenye kikao cha ukoo. Weee! Wanawake walicheka mpaka mmoja akaomba apepewe.

Yeye hakucheka. Alisimama katikati ya chumba, mikono mifukoni, akasikia mwili mzima umenyamaza. Alikuwa na miaka thelathini na moja, ameshaolewa na ameshaondoka kwa mume, na hakuwahi kusikia kitu kama kile. Aliporudi nyumbani akavua suti, kero yake ikarudi palepale.

Basi akaitafuta tena. Akampata Elisifa, muuza mitumba, ambaye kila akifungua robota alikuwa anawawekea masuti mazuri kabla wateja hawajaona. Akampata Gladness, mwalimu wa chekechea, mfupi, mwenye mwendo wa kutanua mabega uliowaua watu kwa kicheko. Wakawa watatu, wakaitwa Mashemeji wa Njoro. Kwa miaka mitatu hawakukosa mwaliko. Lakini ni kulekule: mlango umefungwa, pazia limeshushwa, na mwisho wa shughuli wanaambiwa wapitie uani, wajifute uso kwanza, wasije wakaonekana.

"Mimi nimechoka kufutwa," Aikande akawaambia wenzake siku moja, anazunguka meza. "Tumeiba nini? Nataka ukumbi. Nataka mlango wazi, mchana, na tangazo ukutani."

"Na wanaume ndani?" Elisifa akauliza.

"Na wanaume ndani! Si tunawaigiza wao?"

"Mama, utatuua," akasema Gladness, ila macho yalimwaka.

Wakati ule kumbi zilikuwa zinaota mjini, kila aliyefanikiwa anajenga. Mmoja alikuwa wa Basili, mtu wa Rombo aliyeinuka kwa biashara ya mpakani Tarakea, akajenga ukumbi wenye jukwaa la saruji na taa za rangi. Aikande alimfuata wiki nne mfululizo. Wiki ya kwanza Basili alicheka. Ya pili alijificha ofisini. Ya nne akakubali kwa shingo upande.

"Dada Aikande, sikia. Jumamosi saa tisa mchana nakupa ukumbi. Ila mstari wa mbele nitawaweka wazee wa mtaa. Wakikaa mpaka mwisho, ukumbi ni wenu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na jina lenu naliandika getini kwa rangi. Wakiinuka wakatoka, mimi nafanya biashara na watu hawa, usije ukanililia. Mtarudi kwenye mapazia yenu."

"Hawatatoka, kaka Basili."

"Hata mmoja," akasema Basili. "Akitoka mmoja, wote watamfuata. Nawajua."

Siku sita zilizobaki kabla ya Jumamosi hiyo Aikande hakulala wala hakukaa. Aliharibu suruali mbili za watu, akamjibu vibaya mteja, akaenda ukumbini mara tatu kuhesabu hatua za jukwaa. Akili ilikuwa inamwambia kitu kimoja tu: wasitoke, wasitoke, wasitoke.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ukajaa, nusu wamekuja kucheka, nusu wamekuja kushangaa wajinga gani hao. Nyuma ya jukwaa Aikande alikuwa ameshavaa suti ya kijivu na tai nyekundu, masharubu yamekolea, karatasi za gazeti zimejazwa kwenye viatu. Akachungulia kwenye upenyo wa pazia kuwaona wazee. Watano, kama Basili alivyoahidi. Kisha akaona kiti cha sita.

"Yesu wangu."

"Nini?" Elisifa akamsogelea.

"Baba."

Mzee Elimringi aliteremka kutoka Kirua Vunjo asubuhi hiyo kutafuta dawa ya ng'ombe, akakutana na rafiki yake wa siku nyingi, katibu wa mtaa, naye akamwambia twende tukaone vichekesho vya kina mama. Ndivyo alivyokuja kukaa pale na koti lake la kanisani, kofia magotini, hana habari. Alichojua yeye ni kwamba binti yake anashona, na Jumamosi anakwenda mazoezi ya kwaya. Na huyu ndiye baba aliyemfungulia mlango usiku ule alipotoka kwa mume, asimuulize hata swali moja, akamwambia tu, "Ingia, kuna baridi." Ndugu wengine wote walisema arudishwe. Aikande angeweza kupoteza ukumbi akaishi. Kumpoteza baba yule ndiko alikokuogopa.

"Tuahirishe," Elisifa akasema. "Tuseme unaumwa tumbo."

Aikande akazunguka mara mbili kwenye kichumba kile, akauma kucha, akakumbuka kwamba wanaume hawaumi kucha, akaacha. "Nikiondoka leo nitaondoka kila siku," akasema. "Tokeni. Anzeni."

Gladness alianza, bwana mfupi anayemtuma mke amtafutie soksi alizovaa miguuni. Kimya mwanzoni, kile kimya cha watu wanaosubiri mwenzao acheke kwanza. Halafu mama mmoja nyuma akapasuka, na ukumbi wote ukamfuata, na wanaume nao wakaanza kuonyeshana vidole: "Huyo ni wewe!" "Mimi? Ni wewe, mshenzi!" Elisifa akaingia na suti ya kijana wa Tarakea, miwani myeusi, anajifanya anaongea na benki zote za dunia. Katibu wa mtaa alicheka hadi akajifuta machozi. Mzee Elimringi alitabasamu kidogo, kwa adabu.

Ikawa zamu ya Aikande.

Alikuwa anaigiza mwenye mji anayekaribisha wageni. Akatoka taratibu, akakohoa, akapandisha suruali, akasimama. Ukumbi ukashangilia. Hakuthubutu kutazama kiti cha sita. Aliwasifia ng'ombe wake, akalalamikia bei ya kahawa, akawagombeza watoto wasioonekana, na kila neno lilikwenda vizuri. Kisha akaenda kwenye ndoo. Asubuhi ile walinunua mbege ya kweli, ile pombe ya ndizi, sokoni, kwa sababu alisema jukwaa la kweli linataka pombe ya kweli. Akachota kata ikajaa hadi juu, akashuka ngazi. Alikusudia kumpa katibu. Lakini katibu alikuwa bado anajifuta machozi, na mikono iliyokuwa tayari imenyooshwa, kwa heshima ya mtu anayepewa kitu, ilikuwa ya Mzee Elimringi.

"Karibu, mbe, karibu mzee wangu," Aikande akasema kwa ile sauti nzito, akampa.

Mzee akaipokea kata. Hakunywa.

Kicheko kikapungua, kikakatika. Na hapo ndipo Aikande alipojua alichokosea. Kwenye kicheni pati kata ilikuwa tupu. Miaka mitatu aliwagawia wanawake kata tupu, nao wanajifanya wanakunywa, wanalewa, wanaanguka. Mkono ulizoea kutoa tu. Na kule mlimani hata mlevi wa kupindukia hapokei pombe ya mtu ambaye hakuionja mbele yake. Anayekupa bila kuonja, ama hana adabu, ama amekuwekea kitu ndani.

Wazee wakatazamana. Mmoja, mwembamba, akashika fimbo yake akaanza kuinuka. Mlangoni Basili akakunja mikono.

"Mwenye mji," Mzee Elimringi akasema, na sauti yake ilisikika ukumbi mzima. "Mbona hukuonja?"

Angeweza kumwita kwa jina lake, Aikande. Angeweza kusema we mtoto, umefanya nini. Aikande aliipokea kata kwa pupa, pombe ikamwagikia kwenye tai. Akanywa funda kubwa. Povu likambaki mdomoni, akalifuta kwa nyuma ya mkono, na nusu ya masharubu ikaondoka na povu. Watu wakaona, wala hakuna aliyecheka.

Akampa tena. Mzee bado hakunywa.

"Na mji wenyewe ni wa nani? Sinywi kwa mtu nisiyejua kwao."

Jibu alikuwa nalo. Kila kicheni pati walimuuliza hivyo, naye alikuwa na jina la ukoo wa uongo, refu na la kuchekesha, halikuwahi kukosa vicheko. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Angelisema, watu wangecheka, wazee wangekaa, na baba angerudi Kirua bila kulazimika kujua lolote. Yule wa fimbo alikuwa ameshasimama wima.

"Ni kwa Elimringi, wa Kirua," akasema. Ile sauti nzito ilikuwa imemtoka, amebaki na yake. "Mimi ni Aikande, binti yake."

Mahali fulani nyuma mtu alisema "mama yangu!" akanyamazishwa. Mzee Elimringi alimtazama mwanawe. Aliitazama suti, akaitazama tai iliyolowa, akayatazama masharubu ya upande mmoja, mpaka Aikande akatamani apigwe yaishe. Kisha mzee akainamisha kichwa akanywa, akanywa sawasawa, koo linapanda na kushuka. Akaigeuza kata upande wa yule aliyesimama na fimbo.

"Kaa unywe," akamwambia. "Hii ni ya nyumbani kwangu."

Mzee wa fimbo aliitazama kata. Akaketi, akaipokea kwa mikono miwili.