Mchicha Uliorudishwa Ardhini

Weka simu nyingine zote pembeni, maana hili utasema natunga: mama mzima alizika mboga yake mwenyewe hapa hapa Malvern, mchana kweupe, watu wakimtazama!

Anaitwa Hedwiga, Mtanzania. Siku hiyo mumewe, Thabo, alikuwa na sikukuu ya kuzaliwa. Thabo ni wa hapa hapa Joburg, ila alionja mchicha wa nazi Morogoro alikokuwa uhamishoni, na ulimi wake haujarudi nyumbani mpaka leo. Spinachi ya dukani anaila kama dawa. Mchicha wenyewe ulikuwa umejiotea kwenye bustani ya umma, karibu na bembea.

Hedwiga akaenda na binti yake Nomsa, anayesoma historia chuoni. Ndiyo kwanza fungu limejaa mkononi, mlinzi Placide huyo!

"Mama, apana! Ile ni ya watu wote."

"Kwani mimi si mtu?"

"Uko mtu. Kukaa, sawa. Kutembea, sawa. Kuchuma, apana."

Nomsa akacheka. "Eish, mama, ungezaliwa Uingereza miaka mia saba nyuma! Kijiji kilikuwa na ardhi ya pamoja. Ng'ombe unalisha, kuni unaokota, ni haki yako."

"Umesikia?" Hedwiga akamgeukia Placide.

"Ngoja, mama," Nomsa akadakia. "Haki ya wanakijiji tu. Wewe wa Morogoro wangekutimua na kapu lako! Hapa anaingia yeyote, hata kama kashuka basi leo. Na wao walipangiana: ukizidisha ng'ombe, faini. Ndiyo maana majani hayakuisha."

Placide akakuna kichwa. Jumatatu mashine ya kukata nyasi ingepita, mboga yote iende kwenye taka. Na yeye ni mtu wa Bukavu. Hiyo kwao ni lenga-lenga, na ilikuwa inamtoa mate tangu mvua zianze.

"Sawa, chuma. Lakini na siye tujipangie..." Akaliona fungu. Mizizi inaning'inia! "Mama! Unang'oa?"

"Mchicha si hung'olewa? Kwani kwenu mnaubembeleza?"

"Kwetu tunakata ncha, inachipuka tena. Weye unakula na ya kesho! Ile umeng'oa, rudisha."

Hata bembea zilisimama. Hedwiga akalitazama fungu: sufuria nzima ya Thabo hiyo. Akautazama mchicha uliobaki, kaeneo kadogo kama mkeka. Akasonya. Kisha akapiga magoti, akafukua kwa vidole, akapanda shina moja moja, Nomsa akimwagilia maji ya chupa.

Ncha alizopata zilijaa kibakuli tu. Thabo akakipangusa kwa tonge la mwisho, akatabasamu: "Kidogo, lakini ndio wenyewe."

Jumatatu Placide akazungumza na dereva wa mashine, mashine ikazunguka ule mchicha. Mashina yale yalisinyaa kwanza, kisha yakainua vichwa. Sasa wanachuma ncha kila Jumamosi, na Placide ana fungu lake.

Haya, niambie wewe: mboga iko mkononi, nazi imeshakunwa, mume anasubiri. Ungerudisha?