Walimpigia Simu Mama Yangu

Nimeshapita miaka thelathini, chumba najilipia mwenyewe, lakini nilipopiga kelele kazini jana, bosi alimpigia simu mama yangu. Mama! Kama vile nimevunja kioo cha darasa.

Leo asubuhi wakaketi kwenye kiofisi cha nyuma ya duka letu la dobi, mashati ya watu yakiwaning'inia kichwani, wakaanza kunijadili. Mimi nilikuwa nimesimama palepale mlangoni, wala si kiziwi. Nina usonji tu.

"Mama, binti yako ni zawadi," bosi akasema. "Shati akilipiga pasi yeye, kola inasimama yenyewe. Wateja wanaleta mpaka wageni wao kumwona, wanamchukua video. Usimwondoe, nakuomba."

"Zawadi?" Mama akaguna. "Ulikuwepo alipokuwa mdogo, anajigonga kichwa ukutani? Zawadi gani hiyo ya kumtoa mtu machozi? Huu ni mtihani, baba. Namrudisha nyumbani leo hii, asije akamuunguza mtu na hiyo pasi."

"Ni kipaji!"

"Ni mzigo, na aliyeubeba ni mimi!"

Jamani! Kila mmoja ananivuta upande wake kama shuka. Na nyumbani sirudi ng'o. Nikirudi, nitakalishwa sebuleni kama pambo mpaka nizeeke, na kazi hii naipenda. Hasira zikanipanda.

"Hivi kuna mmoja wenu anayejua kwa nini nilipiga kelele?"

Bosi akajikuna kidevu. "Si ile... hali yako?"

"Hali yangu kitu gani! Nimeshika pasi ya moto, mmoja wa hao wageni anakuja kwa nyuma na simu yake, ananishika shingo ili nigeukie kamera. Wewe ungemwimbia?"

"Aa, hakuwa na nia mbaya," bosi akasema. "Alikupenda tu."

Mama akasimama. Nikajua ndiyo hivyo, sasa ananishika mkono twende, nikaung'ang'ania mlango. Wala hakunitazama. Alimwendea bosi mpaka pale kitini kwake.

"Mwanangu ameshikwa shingo," akasema, "halafu wewe unaniita nije kumtuliza yeye?"

Jibu sikulisubiri. Nilikuwa na mashati ya watu ya kupiga pasi.