Maziwa ya Mize

Nesi alisema mtoto atatoka Ijumaa, kama ataongeza uzito. Mwanapili alirudi kijijini Mgogoni na hiyo Ijumaa tu. Lile "kama" aliliacha hospitalini Wete, juu ya meza yenye mizani.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa, karafuu zimezaa mpaka matawi yanainama, na gari la Hassanali lililokwenda mjini asubuhi na kurudi baada ya adhuhuri lilijaa magunia hata watu wakakaa juu yake. Mwanapili alipanda kila siku, amejifunika buibui mpaka machoni. Mzazi ambaye hajatoka arobaini hana kazi ya kuonekana barabarani, na yeye alilijua hilo kuliko waliomtazama.

"Leo tena?" alisema Bakar, utingo wa gari. "Mzazi gani weye? Hiyo arobaini yako akukalia nani nyumbani?"

Watu wakacheka. Bibi mmoja mwenye kikapu cha muhogo akamgeukia.

"Funga domo lako, Bakar. Mwanawe yuko hospitali, hata kulia hajaweza."

Kicheko kikakatika. Mwanapili akatamani waendelee kucheka.

Watoto walikuwa wawili. Walizaliwa nyumbani, alfajiri, mimba ikiwa ya miezi saba. Msichana alitangulia, akalia kwa sauti ambayo hakuna aliyeitarajia kutoka katika mwili ule, akawekwa kwenye titi la kushoto, akanyonya. Mvulana akafuata, kimya. Hakulia wala hakunyonya, alifumbua mdomo tu kama kifaranga kilicholowa. Soud, baba yao, akamvingirisha katika shati lake akakimbia naye barabarani kutafuta gari, na kila mtu alidhani huyo ndiye anayekwenda kufa. Aliporudi alasiri, aliyekufa alikuwa yule msichana. Soud akampa jina la Mize, akamzika nyuma ya nyumba, pembeni mwa mikarafuu.

Mvulana waliyemwita Mjaka alibaki hospitalini katika pamba na chupa za maji ya moto. Sasa alikuwa ameanza kunyonya mwenyewe, na nyumba ilikuwa inatengenezwa kwa ajili yake.

Bi Mwatum, mama yake Soud, ndiye aliyeishika kazi hiyo. Alikandika sakafu upya. Akaziba kwa makumbi ya nazi na magunia kila upenyo uliokuwa baina ya ukuta na paa, mpaka chumba kikawa na giza hata mchana. Soud alileta kutoka dukani kwa Devji sanduku la majani ya chai, lile lenye karatasi ya kung'aa kwa ndani, kwa kuwa nesi alisema mtoto alale mahali pasipopita upepo. Alikuja nalo kichwani. Mlangoni akalishusha, akaliingiza kwa mikono miwili, polepole, kifuani. Mwanapili akageuza uso. Aliwahi kuiona mikono ile ikimbeba Mize hivyo.

Wakalijaza sanduku usufi, wakatandika kanga kuukuu.

"Patamtosha," alisema Bi Mwatum.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Ilipomalizika, titi la kushoto la Mwanapili likajaa, likaanza kumwagika lenyewe bila ya kuguswa. Ilikuwa hivyo kila siku. Titi la kulia lilingoja kukamuliwa, lakini hili la kushoto lilikuwa kama titi la mama aliyesikia mtoto wake analia chumba cha pili. Kila siku Mwanapili alitega sikio, na kila siku alisikia majani ya mikarafuu tu.

Bi Mwatum akaja na kifuu. Mwanapili akakamua ndani yake mpaka titi likalegea, na mama mkwe akakichukua kifuu kwa mikono miwili akaenda kukimwaga nyuma ya nyumba, juu ya kaburi.

Alikuwa amemweleza tangu siku ya kwanza. "Titi hilo kesha kulinyonya mwenye kwenda. Alo hai halitii mdomo, ataitwa. Mie nilizaa pacha, wajua. Nduguye Soud alipokufa, nikamlea Soud kwa titi moja, na jengine likawa la nduguye mpaka likakauka lenyewe. Na Soud huyo, leo apanda mkarafuu mpaka kileleni."

Mwanapili akamtazama mumewe. Soud alikuwa mbele yake, mwembamba, mrefu, mzima.

Kwa hivyo kila asubuhi hospitalini alimnyonyesha Mjaka titi la kulia, akamkamulia nesi maziwa ya usiku kutoka titi hilo hilo, na la kushoto akalifunga kwa kitambaa.

Siku ya Jumanne nesi alimlaza Mjaka kwenye mizani, akatazama, akamwinua, akamlaza tena. Aliitwa Bi Siti, mtu wa Unguja mjini, mwenye maneno mengi. Siku hiyo hakuwa nayo.

"Nyumba mmeshaiweka sawa?" aliuliza.

"Tumeshaiweka, Bi Siti. Na sanduku tumepata."

"Basi nyumba iko tayari na mwenyewe hayuko tayari. Amepungua, Mwanapili. Hakusimama, anarudi nyuma. Akiendelea hivi, usinisikilize mimi habari za Ijumaa."

Mwanapili akatazama chini. Bi Siti akamtazama yeye, kisha akatazama kanga yake.

"Na huku mbona kumelowa? Maziwa haya unamwekea nani?"

"Ya dadake," alisema Mwanapili.

"Dadake si alifariki?"

"Ndiyo."

Bi Siti akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Watoto wadogo wana wa kuwanyonyesha huko waliko," alisema taratibu. "Hukuwasikia masheikh?"

Mwanapili alikuwa amewasikia. Wenziwe waliofiwa walitulizwa na maneno hayo, lakini yeye yalimchoma. Alimwona mwanamke asiyemjua, hana uso, amemweka Mize kifuani. Na Mize, aliyemnyonya mama yake mara moja tu, ameshamsahau. Na ikiwa ameshiba huko, ni nani anayemwita kila alasiri?

Mjaka alikuwa bado yuko kwenye mizani. Ngozi ya mapaja yake ilijikunja kama nguo ya mtu mwengine. Macho yake yalikuwa wazi, yakitazama mahali baina ya nesi na dirisha, mahali palipokuwa hapana mtu.

Mwanapili akamchukua. Akampa titi la kulia, naye akanyonya mpaka akaacha. Siku zote alipoacha, Mwanapili alijua kashiba. Leo aliingiza kidole kinywani mwake, na ule mdomo mdogo ukakikamata, ukavuta. Maziwa yalikuwa yamekwisha, basi. Kila siku yalikuwa yanakwisha, na yeye alikuwa anamfunika na kumshukuru Mungu.

Akafungua kitambaa.

"Bismillahi," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo hata Bi Siti hakuisikia, "Mize, mwanangu, mwachie nduguyo."

Maziwa yalitoka kwa nguvu hata mtoto akapaliwa. Akakohoa, akarudi, akanyonya. Mwanapili alikaa mgongo umemkauka, akingoja. Hakujua angoje nini. Labda mikono midogo ilegee, labda pumzi ikatike. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Mjaka alinyonya mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, akalala, mdomo umebaki wazi.

"Hebu mtazame mlafi huyu," alisema Bi Siti.

Aliporudi nyumbani, alasiri ilikuwa imeshaingia na titi halikumwagika. Mwanapili alikaa chumbani katika lile giza, akitega sikio zaidi ya siku zote. Ndani ya sanduku, usufi ulikuwa umebonyea katikati chini ya kanga. Huenda Bi Mwatum aliubonyeza kwa mkono. Hakumuuliza.

Bi Mwatum akaja na kifuu chake. Mwanapili akakamua, akakamua, akapata matone. Mama mkwe akakiinamisha kifuu kwenye mwangaza wa mlango.

"Haya ndiyo yote?"

"Ndiyo, mama."

Bi Mwatum akaenda nayo hivyo hivyo. Mwanapili alimwona amechutama kwenye mikarafuu kwa muda mrefu, midomo yake ikicheza, kama mtu anayemtaka radhi mgeni kwa chakula kichache. Ikawa hivyo kila siku, na kila siku Mwanapili aliinamisha macho.

Ijumaa ile ikapita bila ya mtoto. Ijumaa ya pili Bi Siti alimpima, akacheka peke yake, akamfunga Mjaka katika blanketi na kumwambia Mwanapili aende zake. Bakar utingo alipowaona, akawateremsha wanaume wawili kutoka kiti cha mbele bila ya kuulizwa.

"Pita, mama Mjaka," alisema, na hakutia mzaha.

Bi Mwatum alikuwa amesimama mlangoni, na Soud nyuma yake. Akampokea mtoto, akampima mkononi, akamsogeza usoni akamnusa mdomo. Halafu akamtazama mkwewe.

"Umempa," alisema.

Mwanapili alitaka kutazama chini kama alivyozoea. Macho yakakataa. "Nimempa, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne aliyopungua."

"Na mie nenda huko nyuma kila siku na matone, namwambia mtoto wa watu, vumilia." Bi Mwatum akamkaza mtoto kifuani. "Na akiitwa huyu? Eh, Mwanapili? Wajua wafanyani weye? Akiitwa?"

"Akiitwa, ataitwa kashiba."

Bi Mwatum akageuka akamtazama Soud, mwanawe wa titi moja, kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, kama anayetafuta kitu alichokiweka zamani. Kisha akamrudisha mtoto kwa mama yake.

"Muingize ndani," alisema. "Upepo huu."

Chumbani mlikuwa na joto na harufu ya ubani. Mjaka alikuwa anataka kunyonya, basi Mwanapili hakumlaza sandukuni kwanza. Akapanda naye kitandani, akajilaza katikati, mtoto upande wake wa kulia. Akamtolea titi, akafumba macho.

Bi Mwatum akaingia na chungu cha makaa, akakisukuma chini ya kitanda. Alikuwa amechoka. Akazunguka ili aketi upande wa ukutani, mahali palipobaki kushoto kwa Mwanapili, pana kiasi cha mtoto mmoja mchanga. Akapatazama. Mwanapili akafumbua macho akaona alivyopatazama, akaona pia kwamba ni yeye mwenyewe aliyepaacha, bila kujua.

Angeweza kusogea; hakusogea.

Bi Mwatum akaushusha mkono uliokuwa umeshashika ukingo wa kitanda, akakaa chini, sakafuni.