Diski Mbili, Mkasi Mmoja

Kazini wananiita Bibi Nakala, na hawanisifu wanaposema hivyo. Niko chumba cha kumbukumbu za eksirei, chenye makabati manne yaliyojaa sidii za wagonjwa, na kazi yangu ni kuziokoa moja moja kabla hazijaharibika. Sitaki vitufe vya rangi rangi. Nafungua dirisha jeusi kwenye kioo cha kompyuta, naandika amri kwa mkono, na kompyuta inaivuta diski nzima, kipande kwa kipande, iwe faili moja. Kisha nalinganisha faili na diski. Kipande kimoja kikikosekana, narudia. Anayeniambia "Inatosha, mbona picha inafunguka?" huwa namjibu vibaya, na sijuti.

Lakini mganga hajigangi. Miaka sita iliyopita nilimrekodi Baba kwa video akikata koti. Baba alikuwa fundi cherehani, wa kukata kwa chaki na jicho tu, bila karatasi ya vipimo. Kutoka faili moja nilichoma diski mbili zinazofanana kabisa: moja ya Mama, moja ya Shangazi, dada yake Baba, ambaye alishona na Baba na Mama chumba kimoja tangu ujana wao. Halafu nikalifuta lile faili kwenye kompyuta yangu ili nipate nafasi. Ndiyo, mimi, Bibi Nakala. Niliona diski mbili zinatosha.

Karibu na mwisho wa video ile Baba anainua mkasi wake na kusema akiondoka apewe nani. Alipofariki, Mama akasema alitajwa yeye. Shangazi akasema hapana, alitajwa yeye. Diski zikatolewa ziamue, na hakuna hata moja iliyofika huko mwisho; kila mmoja akaondoka na yake, hakutaka hata mimi niiguse. Basi mkasi ukaviringishwa kwenye kitambaa ukawekwa juu ya kabati. Shangazi akahamishia cherehani yake barazani kwake, mtaa wa pili, na kwa miaka mitatu mawifi hao wakawa wanasalimiana kama watu waliopanga foleni moja.

Jumamosi moja asubuhi Mama alikuja kwangu na diski yake kwenye mkoba.

"Nitolee jina hilo humo ndani," alisema. "Kama alimtaja wifi yangu, nitampelekea mkasi kwa mikono yangu mwenyewe. Nimechoka kushona peke yangu. Redio inaongea, lakini hainijibu."

Niliigeuza diski kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na mikwaruzo ya mviringo, duara ndani ya duara.

"Mama, ulikuwa unaifuta?"

"Kila Ijumaa! Kwa kitambaa cha bitana, kile laini kabisa. Naizungusha taratibu, kama sahani."

Damu ilinipanda. Diski husomwa kwa kuzunguka, na mkwaruzo unaozunguka nayo hufuta maneno mfululizo. Bora hata angeikwaruza kutoka katikati kwenda ukingoni. Nilimwambia nusu ya hayo. Nusu nyingine niliimeza, maana uso wake ulikuwa umeshaanza kubadilika, na aliyefuta nakala ya mwisho kwenye kompyuta hakuwa yeye.

Niliandika amri yangu. Ninaipenda amri hii kwa sababu ina akili ya mama wa nyumbani: inaokota kwanza vilivyo rahisi, inaruka vigumu, na inaandika kwenye faili dogo, tunaloliita ramani, ni wapi palipobaki na mapengo. Kufikia saa sita tulikuwa tumepata sehemu tisa kati ya kumi. Mapengo yote yalikuwa kule mwishoni, na kisomeo cha diski kilikuwa kinanguruma kama tumbo lenye njaa. Nikarudia, nikarudia tena. Hakikuongezeka hata kipande.

Hapo ndipo nilipojipiga paji la uso. Diski ya Shangazi ilitoka faili lilelile, kila kipande mahali pake palepale. Nikiiweka hiyo na kuitumia ramani ileile, kompyuta ingetafuta yale tu yaliyokosekana.

Nikampigia simu.

"Diski yangu haitoki mikononi mwangu," Shangazi akasema.

"Basi njoo na mikono yako."

Nusu saa haikupita, akaingia. Alimwona Mama, akasita mlangoni. "Haya," akasema. "Haya," Mama akajibu. Nyumbani kwangu pana benchi moja tu la wageni. Walikaa huku na huku, katikati wakaweka mikoba yao kama ukuta.

Kwa chini diski ya Shangazi iling'aa kama mpya. Kwa juu ilikuwa na safu ya vitundu vidogo, imenyooka kutoka katikati hadi ukingoni.

"Shangazi, hivi ni nini?"

"Alama yangu. Nilipitisha gurudumu la meno, lile la kuchora mishono kwenye kitambaa. Ili mtu asije akanibadilishia." Hakumtazama Mama, ila mtu tulimjua.

"Umetoboa sidii kama mkono wa koti!"

"Upande wa juu si hauna kitu?"

"Upande wa juu ndio wenye kitu! Video yenyewe imelala hapo, chini tu ya hiyo rangi!"

Akafunika mdomo. Mama naye, Mungu anisamehe kumsema, alionekana amefarijika kidogo kuwa si yeye peke yake aliyeharibu.

Nikaiweka. Namba zikaanza kupanda.

"Zinasema nini?" Mama akauliza.

"Kilichokosekana kwako kinachukuliwa kwa Shangazi."

Wote wawili waliinama kuzitazama namba. Kisha Shangazi akasema, kama anayeongea na kioo cha kompyuta, "Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Na chawa ni nani hapa?" Mama akauliza.

Walicheka wote wawili kabla hawajakumbuka kwamba hawacheki pamoja. Nilijikuta nimefurahi, wala sikujaribu kuficha.

Kati ya vipande laki tatu na ushei, vilibaki themanini na saba. Hapo duara za Mama zilikutana na vitundu vya Shangazi, na hakuna diski iliyokuwa na kitu cha kutoa. Nikasema tutazame hivyohivyo.

Baba akatokea, chaki sikioni, futi shingoni. Alikata kola, akaupiga kitambaa kofi dogo, akasema kitambaa hakiogopwi, kinaheshimiwa. Mama alikuwa analia bila sauti na hakujifuta. Mwishowe Baba akainua mkasi.

"Mkasi huu, siku nikiondoka, mpeni..."

Picha ikaganda. Mdomo wa Baba ulibaki wazi, uso ukavunjika vipande vya rangi, sekunde moja, kisha akarudi mzima, na nyuma yake sauti mbili za kike zikicheka kwa nguvu. "Na asikatie karatasi!" akamalizia.

Nilisubiri ugomvi. Mama ndiye aliyeanza.

"Alisema wewe, wifi."

"Hapana." Shangazi akatikisa kichwa. "Nimekumbuka sasa hivi. Alikuwa anakutazama wewe."

"Alikutaja wewe."

"Wifi, nakwambia ni wewe!"

Mikoba ilikuwa imeshaanguka sakafuni. Mimi nilikuwa nimekwisha kuandika amri ya kujaribu mara tatu zaidi, na kidole kiko juu ya kitufe. Ningeweza kukesha na vile vipande themanini na saba. Kazini sijawahi kuacha hata kimoja. Niliifuta amri herufi kwa herufi, nikaitoa diski.

Faili lile sasa liko mahali patatu tofauti, na nimehakikisha nakala zote zinalingana. Kwenye daftari langu nimeandika: themanini na saba havikupatikana, havitafutwi.

Shangazi alirudisha cherehani yake Jumatatu. Mkasi umelazwa mezani, katikati ya mashine mbili, na anayeuhitaji anauchukua. Jana nilipita kuwaona, nina barua mkononi, nikaunyakua nifungulie bahasha.

"Si wa karatasi!" wakanifokea, wote wawili kwa pamoja.