Kikombe cha Springi

...ukiachia, amesema ukiachia, si ukikanyaga, na Tadei, aliyechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma la kushoto, alitamani kumwuliza dereva, Ngusa, mara ya tatu ili jibu ligeuke, maana breki inayolia ikikanyagwa ni vumbi, ni pumba za mashineni zilizojipenyeza, jambo la brashi na msasa na grisi kidogo, lakini inayolia mguu ukishaachia, tena mara moja kwa kila mzunguko, kwaru, kwaru, kwaru, hiyo ina kitu kilicholegea ndani, na kitu cha ndani hakijilegezi chenyewe... akagonga ukingo wa ngoma ya breki kwa nyundo, ikalia kama kengele iliyofunikwa blanketi, haikusogea. "Gonga kama mwanamume, fundi," Ngusa alisema kutoka kivulini, "au Wapogoro mkigonga mnaomba ruhusa kwanza?" Siku nyingine angemjibu, angemwambia arudi kwa ng'ombe zake Usukumani, leo aligonga tena tu, kwa sababu Mama Stefania, mwenye gari, alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkoba mapajani, na hukumu ilikwisha kutoka. "Nilimwambia asipite majini, huyu dereva. Kesho napeleka kwaya Mahenge. Ukifungua ukakuta tope humo, Tadei baba, niambie tu, funguo ataniachia hapa hapa." Ngusa alicheka, kicheko kifupi, cha mtu mwenye watoto wanne na kazi moja. Na mfukoni mwa shati la Tadei, upande wa moyo, kile kikombe cha springi, kibati cha duara kisichozidi kitufe cha koti, kinachokishika kiatu cha breki kisihame mahali pake, kilikuwa kizito kuliko nyundo... cha gari jingine, alijiambia, cha ile pikapu, pikapu ipi, mwezi mzima hapajaingia pikapu hapa. Siku kumi na nane zilizopita, gari hili hili, gurudumu hili hili, alikuwa ametandika gunia kama desturi yake, akapanga kila kipande kwa utaratibu wa kutoka kwake, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia, kama maneno ya sala yasiyorukwa hata moja, ndipo wingu likateremka upande wa Udzungwa na Domitila, mkewe, akapaza sauti, "Mvua!", na mpunga umeanikwa ua mzima, nani katika bonde hili hubaki amechuchumaa mpunga ukilowa, aliruka yeye, akaruka Ngusa, na Domitila akayanyakua magunia yote, na lile la springi, akalikung'uta mara moja tu, akalijaza mpunga. Baadaye aliokota vipande vyake ardhini, akavihesabu, akaona vimetimia, au alitaka vitimie, Mama Stefania alikuwa akipiga simu... na juzi kikombe kikalia ungoni. "Baba Beatus, njoo uone," Domitila aliita huku akipepeta, "mpunga wako umezaa chuma!" Naye Tadei alicheka, Mungu wangu, alicheka, na Jumapili moja kati ya siku hizo mbili gari lilipanda Mahenge likashuka, kona zile, teremko lile, akina mama saba wakiimba, kiatu kikiyumba humo ndani. Akakaza boliti mbili katika matundu ya ngoma, nusu mzunguko huku, nusu kule, ili iinuke sawasawa, na wazo likamjia laini kama grisi, ikishatoka awape mgongo, kidole na dole gumba, nusu dakika, kikombe kirudi mahali pake, gari linyamaze, aseme ni pumba, mama... lakini nani huegesha gari kwenye mashine ya mpunga, ni Ngusa, basi aseme ni tope, nani alipita majini, Ngusa, basi aseme mkono wa breki ulivutwa gari likiwa limelowa, nani aliuvuta, na kila neno alilolitafuta lilikuwa na jina la Ngusa ndani yake. "Lete spana nyingine, nikaze huku, mzee, utakesha hapo," Ngusa alikuja kuchuchumaa ubavuni mwake, bega kwa bega, na Tadei akaliona tena bega lile siku ya mvua, shati limegandamana mgongoni, mtu asiye na punje hata moja katika mpunga ule akiukumba kwa kofia yake, akipiga kelele, "Kimbia, fundi, unaota!" Boliti zililia, ngoma haikutoka. Tadei akafuta mkono kwenye suruali, akaingiza vidole mfukoni, akakitoa kikombe na kukiweka juu ya gunia lililokuwa bado tupu, mahali pake hasa, cha nne kutoka kushoto, kikameta juani mbele ya macho yote. Mama Stefania akainua uso. "Umeshafungua?" "Bado, mama," alisema, na sauti, kwa mara ya kwanza tangu juzi, ilikuwa yake, "lakini najua kisichokuwamo."