Siku ya Daraja

Redioni walimwita Kasuku, kwa ajili ya sauti yake. Kila asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, alisoma kipindi cha "Leo Katika Historia": siku kama ya leo mfalme fulani alivuliwa taji, meli fulani ilizama, mwanariadha fulani alivunja rekodi. Watu walikipenda. Walikunywa chai na wafalme waliokufa, kisha wakaenda kazini.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alimsikiliza siku zote isipokuwa moja kwa mwaka. Siku hiyo Kasuku alisoma habari za kuzinduliwa kwa daraja kubwa la mjini, naye dada akazima redio. Siku ileile ya uzinduzi, wakati viongozi wakikata utepe, kiwanda cha magodoro kiliungua ng'ambo ya mto. Milango ilikuwa imetiwa kufuli kwa nje, ati wafanyakazi wasiibe. Walikufa watu thelathini na mmoja, mume wa dada akiwa mmoja wao. Magazeti ya kesho yake yalijaa daraja.

Mwaka mmoja, siku hiyo ilipokaribia, dada alimfuata nyumbani. Alikaa bila hata kuweka mkoba chini.

"Mdogo wangu, sijawahi kukuomba kitu. Safari hii wataje."

"Dada, kipindi kile si changu peke yangu."

"Na sauti ni ya nani?"

Kasuku akaahidi.

Mkurugenzi wa vipindi aliisoma aya ya Kasuku kuhusu moto ule, akavua miwani. Mwenye kiwanda kile siku hizi alitengeneza rangi za nyumba, na rangi hizo ndizo zilizodhamini kipindi.

"Unataka tukate tawi tulilokalia?"

"Mzee, shemeji yangu alifia mle."

"Pole sana. Lakini mambo ya kufuli yatoe. Sema ajali ndogo ya moto, watu kadhaa walipoteza maisha. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Kasuku alijiambia kidogo si haba. Akasoma hivyo hivyo, kwa sauti yake tamu, mara tu baada ya daraja.

Alipotoka studio alikwenda moja kwa moja kwa dada. Alimkuta na wajane wawili aliowaalika waje kusikiliza. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Kadhaa," dada alisema. "Nilimtambua mume wangu kwa kifungo cha shati, maana nilikishona mimi. Uso haukuwepo. Leo unaniambia ni kadhaa?"

"Nilipigania, dada. Wangekataa kabisa."

"Si wangekataa! Kimya chao nimekizoea. Kimya hakidanganyi."

Mjane mmoja akacheka, kicheko kikavu. "Na ndogo, jamani! Ajali ndogo. Kama vile mtu kaunguza sufuria."

"Nenda, mdogo wangu," dada alisema. "Usije kwanza."

Hiyo "kwanza" haikuisha. Akipiga simu, mpwa wake hupokea na kusema mama ana wateja.

Sentensi yake, hata hivyo, ilipata miguu. Vituo vingine viliinakili, magazeti yakafuata, na mwisho ikaingia katika kitabu cha historia ya mji. Wajane walipokwenda halmashauri kuomba jiwe la ukumbusho pale kiwanda kilipokuwa, ofisa aliwajibu kwa upole kwamba mji hauwezi kuweka jiwe kwa kila ajali ndogo.

Habari zikamfikia Kasuku. Akaenda mwenyewe kwa yule ofisa, akamweleza habari za kufuli, akataja idadi, akasema maneno yale yalikuwa ya uongo.

Ofisa alimtazama kwa furaha. "Sauti hii naijua! Si wewe uliyesoma? Sisi tumeyapata kwako, ndugu yangu."

Dada alikuwa kwenye benchi la ukumbini, akingoja kukata rufaa. Mlango ulikuwa wazi, alisikia yote. Kasuku alipotoka, alisimama mbele yake na kumwamkia. Dada alisogeza miguu kidogo, kama mtu anayempisha mpita njia, akaendelea kungoja zamu yake.